Kidole Gumba cha Mgonjwa

Siku ya arusi mume na mke husimama mbele ya Padre na mashahidi, na kila mmoja hunena kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anamtwaa mwenzake. Padre hawezi kuwasemea, wala baba wa bibi arusi, wala mjomba aliyepokea mahari. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, yasema wazi kwamba ndoa hufanywa na hiari ya hao wawili, na kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kuitia hiari hiyo mahali ambapo wenyewe hawakuitoa. Haya kila Mkristu aliyefundishwa na katekista ayajua. Lakini miaka hupita, na mmoja wao hupatwa na ugonjwa hata asiweze kusema ndiyo wala hapana. Je, hapo mwenzake amepata ruhusa ya kusema yote kwa jina lake, na kuyachungulia yake yote?

Tumeulizwa neno hili na mama mmoja wa parokia ya shamba. Mumewe alipigwa kiharusi. Mkono wa kuume umepooza, na ulimi haumtii. Siku ya tatu hospitalini fedha zilidaiwa. Mama akaichukua simu ya mumewe, akakiweka kidole cha mgonjwa juu yake, ikafunguka. Namba ya siri ya fedha mumewe alikwisha kumwambia zamani, akalipa. Lakini hakuishia hapo. Alikesha usiku ule akisoma, akaona ya kuwa kila mwezi mumewe alikuwa akimpelekea fedha mtu ambaye yeye mama hamjui. Juma lililofuata wakaja mashemeji na karatasi ya kuuza kiwanja, pamoja na wino, wakataka kidole kilekile. Mama alipokataa, wakamjibu: "Shemeji, wewe ulikitumia, mbona sisi unatuzuia?" Naye anatuuliza: kidole hicho ni cha nani?

Ni swali la haki, na mashemeji hao, kwa tamaa yao, wamelisema vizuri kuliko walivyokusudia. Maana siku hizi kidole si kitu kidogo. Tangu mwaka 2019 laini za simu nchini mwetu zasajiliwa kwa alama za vidole. Kidole gumba kimekuwa saini ya asiyejua kuandika na ufunguo wa ajuaye. Mwenye kukishika kidole cha mtu aliyezimia ameshika nyumba yake, fedha yake na siri zake.

Twajibu: kidole ni cha mgonjwa. Si cha mke, si cha ndugu. Tena aweza kukitumia yule tu atakayekitumia kama mgonjwa mwenyewe angalivyokitumia.

Neno hili hatukulitunga sisi. Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pio XII alisema na madaktari, akaulizwa juu ya wagonjwa waliopotewa na fahamu. Alifundisha kwamba haki na wajibu wa jamaa, kwa kawaida, hutegemea yale yanayodhaniwa kuwa mapenzi ya mgonjwa mwenyewe, akiwa ni mtu mzima mwenye kujitawala. Mafundisho hayo yageuza swali lote. Mke aliyekaa kando ya kitanda haulizwi, "Wewe wataka nini?" Aulizwa, "Yeye, tuliyemjua akiwa mzima, angetaka nini?" Basi kulipa hospitali hakukuwa dhambi hata kidogo. Mume gani mwenye akili angependa kuachwa bila dawa, fedha yake ikilala simuni? Hapo mama alitenda kwa mapenzi ya mumewe, na kwa agano lao la kutunzana katika ugonjwa. Kusoma barua zake usiku kucha ni jambo jingine. Haja ilikuwa fedha ya dawa, na haja ilipokwisha, ruhusa ilikwisha nayo.

Wengine watasema kwamba twaweka ukuta kati ya watu ambao Mungu amewafanya mwili mmoja. Nao watamtaja Mtume Paulo, aliyewaandikia Wakorinto kwamba mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Twawaomba wasome sura hiyo ya saba bila kuikata. Neno lile lile Mtume amelisema pia juu ya mwili wa mke. Na mstari unaofuata wataka mambo ya hao wawili yaende kwa kupatana. Kupatana ni kazi ya watu wawili. Mmoja akilala hana fahamu, yule mwingine hawezi kupatana na nafsi yake akaita jambo hilo mapatano. Mwili mmoja maana yake ni kwamba maumivu yake yamekuwa yangu. Si kwamba yeye amekuwa chombo changu.

Hata Kanisa lenyewe limejiwekea mpaka mlangoni pa mgonjwa wa namna hii, na jambo hili waamini wengi hawalijui. Padre akiitwa kumpaka mafuta matakatifu mtu aliyezimia, sheria yataka sakramenti hiyo apewe yule ambaye, alipokuwa na fahamu zake, aliiomba walau kwa namna isiyo wazi, kwa mwenendo wake wa Kikristu. Na juu ya ubatizo sheria ni kali zaidi. Katika ndoa za mseto yatokea mke Mkristu kutuita usiku tumbatize mumewe asiye Mkristu, aliyekwisha kupotewa na fahamu. Machozi yake ni ya kweli, na hofu yake juu ya roho ya mumewe ni ya kweli. Lakini kanuni ya 865 yadai kwamba mtu mzima aliye katika hatari ya kufa awe anazijua kwa kiasi kweli kuu za imani, na awe ameonyesha kwa namna yoyote kwamba ataka kubatizwa. Ikiwa hakuonyesha hata siku moja, Padre hummiminia mkewe faraja, wala hammiminii mgonjwa maji. Humwacha katika huruma ya Mungu aliyemwumba. Kanisa halitwai hiari ya mtu aliyelala hata kwa ajili ya uzima wa milele. Sembuse kwa ajili ya kiwanja!

Juu ya karatasi ile, basi, hatuna maneno mengi. Sheria ya mikataba yataka mwenye kupatana awe na akili ya kuelewa anachokifanya. Kukishika kidole cha mtu asiyejua na kukigandamiza juu ya karatasi ni wizi, japokuwa wino ni halali. Na kama juu ya kiwanja hicho imo nyumba waliyokuwa wakiishi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mmoja wa wana ndoa kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa ugonjwa utadumu na mali itahitaji msimamizi, njia ni mahakamani mbele ya hakimu, wala si wodini saa ya kuwaona wagonjwa.

Liko jambo ambalo kalamu yetu ingependa kulipita, lakini tukilinyamazia, mama zetu ndio watakaoumia. Twasema juu ya kitanda cha ndoa. Wako wanaume wadhaniao kwamba mke aliyelewa, au aliyechanganyikiwa kwa homa, au aliyepoteza akili kwa maradhi ya uzeeni, ni mke tu kama jana. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilipoeleza kosa la kubaka, ilimtaja mke aliyetengana na mumewe, ikanyamaza juu ya yule anayekaa naye. Kanisa halikunyamaza. Papa Paulo VI katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968 alifundisha kwamba tendo la ndoa analolazimishwa mmoja, bila kujali hali yake wala matakwa yake ya haki, si tendo la kweli la mapendo. Asomaye maneno hayo hahitaji sisi tumweleze zaidi.

Na aibu ya mwili haikomei chumbani. Kitabu cha Mwanzo chatuhadithia Noe, aliyelewa divai akalala uchi hemani mwake. Mwanawe mmoja aliona, akatoka nje akatangaza. Wawili walitwaa nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika bila kumtazama. Yule wa kwanza angalikuwa na simu, twajua angalifanya nini! Tumeona kwa macho yetu picha za wagonjwa, mirija puani, shuka limeteleza, zikizungushwa katika makundi ya simu ya jumuiya ndogondogo, ati "tumwombee ndugu yetu". Ukiuliza, waambiwa mke ameruhusu. Mke hawezi kuruhusu jambo ambalo mumewe, ambaye hakupenda kuonekana hata akinyolewa ndevu, angalilikataa kwa ukali. Viongozi wa jumuiya watuwie radhi: jina la mgonjwa latosha kwa sala.

Twarudi kwa mama wetu na yale aliyoyasoma, maana twajua hayo ndiyo yanayomnyima usingizi, wala si kiwanja. Mama, haki yako ya kumwuliza mumeo inakwenda wapi fedha ya nyumba haikufa. Huenda ni deni. Huenda ni mtoto aliyezaliwa kabla yako. Huenda ni dhambi. Huenda ni mjane fulani anayengoja fedha ya mwezi huu na kushangaa mbona haiji. Wewe hujui, na simu haikukuambia. Usiwapigie mbiu mashemeji wala dada zako kwa jambo hilo. Umelipata bila yeye kukupa. Basi likae kwako kama amana, mpaka aweze kujibu.

Na huenda siku hiyo si ya mbali. Madaktari watufundisha kwamba kiharusi kinachopiga upande wa kushoto wa ubongo hupoozesha upande wa kuume wa mwili, na mara nyingi huondoa usemi. Lakini kukosa usemi si kukosa akili. Wengi hukaa wiki na miezi wakisikia jinsi watu wanavyowapangia mambo juu ya vichwa vyao kana kwamba wamekwisha kuzikwa. Hebu mwulize. Mwulize neno moja moja, neno la kujibiwa ndiyo au hapana, akufinye kwa mkono wa kushoto au afumbe macho. Kwanza mwulize unayoyajua, kama jina la mtoto wenu wa kwanza, upate kuona kwamba akuelewa. Kisha mwulize tena kesho, uone kama jibu ni lile lile. La fedha zile, mwulize mkiwa wawili tu, akiisha kupata nguvu, tena bila kumtisha.

Mashemeji wakirudi na wino wao, wapokee kwa heshima, uwape viti. Mwite katekista na mwenyekiti wa kitongoji. Karatasi isomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa tangu mwanzo hata mwisho, na bei itajwe, na jina la mnunuzi, nanyi nyote mwangalieni macho.