Kumwamini Usiyemjua

Filamu ya Matewan, iliyoandikwa na kuongozwa na John Sayles na kutolewa mwaka 1987, inatupeleka mji wa Matewan, West Virginia, Marekani, mwaka 1920, kwenye mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Kampuni inawaleta kwa garimoshi watu weusi kutoka Alabama wazibe nafasi za wagomaji. Hawajafika hata mjini, wanavamiwa kwa marungu. Waliosalimika wanasomewa masharti: nauli iliyowaleta itakatwa kwenye ujira, zana za kazi watalipia, nyumba ni ya kampuni, na ujira wenyewe ni sarafu za kampuni zinazopokelewa katika duka la kampuni. Wamekwisha kuwa wadeni kabla ya kupakia tani ya kwanza.

Husemwa mara nyingi kwamba taabu huwaunganisha watu. Siamini hivyo. Wachimbaji wazungu wa milimani, weusi wa Alabama na wahamiaji wa Italia walinyonywa na mkono mmoja, na bado walichukiana. Mwenye njaa humtazama mwenye njaa mwenzake na kuona mtu wa kugombania naye tonge. Sababu ya kuungana walikuwa nayo wote. Muungano hawakuwa nao.

Mshikamano basi unaanzia wapi? Usiku mmoja mchimbaji mweusi aitwaye Few Clothes, aliyeigizwa na James Earl Jones, anaingia peke yake katika mkutano wa siri wa wagomaji. Wanamwita msaliti wa mgomo. Amezoea kutukanwa, lakini jina hilo analikataa. Hana ushahidi kwamba hawatampiga tena, nao hawana ushahidi kwamba kesho hatashuka mgodini. Kama kila mmoja angesubiri athibitishiwe kwanza, pasingetokea kitu mpaka leo. Baadaye weusi na Waitalia wanasimama mlangoni pa mgodi, bunduki za walinzi nyuma yao, wagomaji mbele yao, wanatupa makoleo chini. Hapo ndipo naona kiini cha jambo: imani ilitangulia, sababu za kuaminiana zikazaliwa nayo.

Imani ya namna hiyo haina kinga, na kampuni ilijua. C. E. Lively, mtu wa kweli katika historia, aliendesha mgahawa Matewan, akawa mwanachama wa chama cha wachimbaji, huku akilipwa na Baldwin-Felts, shirika la wapelelezi waliokodiwa na kampuni. Katika filamu anamzulia Joe Kenehan, mwandaaji wa chama, kwamba ndiye jasusi. Wachimbaji wanapiga kura ya nani amuue, na kura inamwangukia Few Clothes. Anakaa na Kenehan kando ya moto, bunduki mkononi, hajui afanye nini.

Anayemwokoa Kenehan ni Danny, kijana mhubiri. Kanisani, mbele ya maajenti wa kampuni, anasimulia kisa cha Biblia cha Yusufu, aliyesingiziwa kwa uongo na mke wa Potifa. Maajenti hawaelewi chochote. Wachimbaji wanaelewa, na wanakimbia kumzuia Few Clothes. Sehemu hii hunigusa kuliko milio yote ya bunduki. Wangeweza kuponya usaliti kwa kushuku kila mtu, na jasusi angekuwa ameshinda bila risasi. Kilichowaokoa ni jambo walilolijua wote pamoja, ambalo fedha ya kampuni haikuweza kulinunua.

Katika historia halisi, tarehe 19 Mei 1920 watu kumi waliuawa kwenye mapambano ya risasi mjini Matewan: wapelelezi saba, wachimbaji wawili na meya Cabell Testerman. Mkuu wa polisi Sid Hatfield, aliyesimama na wachimbaji, alipigwa risasi tarehe 1 Agosti 1921 kwenye ngazi za mahakama mjini Welch, na Lively alikuwa miongoni mwa wauaji. Maelfu ya wachimbaji, weusi, wazungu na wahamiaji, wakaandamana na silaha hadi Blair Mountain. Jeshi la serikali kuu likaja, wakaweka silaha chini, chama kikaporomoka.

Je, walikosea kuaminiana? Anayepima imani kwa ushindi atajibu ndiyo. Mimi nasema hapana, kwa kuwa jambo walilolitaka, yaani kutendeana kama watu wa upande mmoja, walikuwa wamekwisha kulipata siku makoleo yalipotupwa. Haki ya kujiunga na chama ilikuja na sheria ya mwaka 1933, na wachimbaji wa West Virginia wakajiandikisha kwa wingi na kwa haraka, kwani wengi wao hawakuwa wanaanza kujifunza.