Deni Letu kwa Waliobeba Mzigo

Watu hupenda kuuliza, Nani alikuwa shujaa katika vita? Ni swali jema, walakini liko jingine lililo gumu zaidi, ambalo sisi waalimu hatuna budi kulifikiri: Yule aliyetumika bila kuchagua, je, anayo heshima? Mtu aliyekwenda kwa hiari yake twamsifu. Lakini yule aliyekamatwa kijijini, akatwikwa mzigo, akafa porini kwa kuhara, tumweke wapi? Na mnyama aliyekufa chini ya tandiko, naye tuseme nini juu yake? Wahenga walinena, "Fadhila ya punda ni mateke." Methali hii yamshitaki punda. Yafaa tupime kama punda naye asingeweza kuitumia juu ya binadamu.

Tuanze mbali, kusudi tukirudi kwetu tuone vema. Katika Vita Vikuu vya kwanza, vilivyoanza mwaka 1914 na kwisha mwaka 1918, nchi ya Australia ilipeleka askari wapanda farasi kupigana na Waturuki katika jangwa la Sinai na Palestina. Watu hao walikwenda kwa hiari. Maana wananchi wa Australia waliulizwa kwa kura mara mbili, mwaka 1916 na mwaka 1917, kama watu walazimishwe kwenda vitani ng'ambo, na mara zote mbili walikataa. Tarehe 31 Oktoba 1917, jua likikaribia kuchwa, vikosi vyao viwili, cha 4 na cha 12, viliushambulia mji wa Beer-sheba, mahali ambapo Ibrahimu alichimba kisima, akatoa wana-kondoo saba wawe ushuhuda ya kuwa kisima ni chake. Hawakuwa na panga. Walishika singe mikononi, wakawapiga farasi mbio mpaka juu ya mahandaki ya Waturuki. Sababu ya haraka ile ilikuwa maji, kwa kuwa farasi wengi walikuwa wameshinda na kulala na kiu, na visima vilikuwa ndani ya mji. Waaustralia 31 walikufa katika shambulio lile, na farasi wengi pamoja nao. Mji ulitwaliwa.

Msomaji akisikia habari hiyo moyo wake huinuka. Basi na asikie na mwisho wake. Australia ilikuwa imepeleka ng'ambo farasi zaidi ya laki moja. Vita vilipokwisha, kwa sababu ya gharama ya meli na hofu ya kuingiza magonjwa ya wanyama, iliamriwa wasirudi. Wazee na wagonjwa walipigwa risasi. Wengine walipewa majeshi mengine au waliuzwa. Farasi mmoja tu, jina lake Sandy, ndiye aliyerudi kwao, naye alikuwa farasi wa Jemadari Bridges, aliyeuawa mwaka 1915. Hata hivyo wapanda farasi wale hawakusahau. Mwaka 1950 waliweka kibao katika mji wa Sydney kuwakumbuka farasi wao.

Tena nyuma ya farasi wale walikuwako watu wengine. Reli na bomba la maji vilivyovuka jangwa la Sinai vilifanywa kwa mikono ya vibarua wa Misri, makumi ya maelfu, ambao wengi wao walitwaliwa vijijini kwa nguvu. Bila wao farasi hata mmoja asingalifika Beer-sheba. Walakini kila asimuliaye vita vile hutaja mbio za farasi, na bomba hulitaja mmoja katika kumi.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1916 Jemadari Smuts aliingia katika nchi iliyokuwa ya Wadachi, na pamoja naye Makaburu wapanda farasi. Jemadari van Deventer aliwaongoza mpaka Kondoa Irangi, akautwaa mji ule katika mwezi wa Aprili. Lakini adui mkubwa wa farasi katika nchi hii alikuwa mbung'o. Daktari David Bruce alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1890, kule nchi ya Wazulu, ya kuwa mdudu huyu ndiye achukuaye ugonjwa wa nagana. Na wafugaji wetu walijua zamani ni pori lipi lisilopitishwa ng'ombe. Farasi walikufa kwa maelfu, na baghala, na ng'ombe wa kukokota magari, na punda. Motokaa zilizama katika matope ya masika. Ndipo mzigo uliposhuka katika mgongo wa mnyama, ukapanda juu ya kichwa cha mtu.

Na tufanye hesabu kidogo, kama tufanyavyo darasani. Mchukuzi abeba unga ratili 50. Naye mwenyewe hana budi kula, tuseme ratili 2 kila siku. Akienda siku 25 amekula mzigo wake wote, wala askari hakupata kitu. Na kwa kuwa sharti arudi, basi akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula ratili 40, amemfikishia askari ratili 10 tu. Kwa hiyo kadiri vita vilivyosogea mbali, ndivyo watu walivyotakiwa zaidi na zaidi, na ndivyo chakula chao kilivyopunguzwa. Jeshi la Mwingereza na washirika wake liliandika wachukuzi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika ya Mashariki, na waliokufa ni zaidi ya 90,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na kwa unga wa mahindi usioiva, ambao matumbo ya wengi hayakuuzoea. Wadachi nao walitwaa wapagazi maelfu mengi. Wako walioingia kazini kwa kutaka mshahara. Lakini tangu mwaka 1915 sheria upande wa Kenya iliruhusu kuwalazimisha watu, na wengi wakalazimishwa. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam latokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wachukuzi. Watu hununua na kuuza pale kila siku, na wachache wakumbuka ya kuwa wanatamka jina la waliokufa.

Sisi watu wa Mara hatukuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 1886 Wadachi na Waingereza walipatana juu ya mpaka, wakapiga mstari katika ramani mpaka Ziwa la Nyanza, na mstari huo ukawakata Wakuria vipande viwili. Vita vilipotokea, watu wa ukoo mmoja, wenye mila moja na ng'ombe wa alama moja, walikuwa chini ya watawala wawili wanaopigana. Tarehe 12 Septemba 1914 majeshi yalipigana Kisii, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1917 kikosi cha Wadachi kilichojitenga na jeshi lao, kikiongozwa kwanza na Wintgens na baadaye na Naumann, kilizunguka nchi nzima mpaka kikafika ngome ya Ikoma, kikapigana na Wabelgiji. Kikosi cha namna ile hakina ghala nyuma yake. Chakula chake ni ghala la mwanakijiji, na miguu yake ni miguu ya mwanakijiji.

Basi turudi katika swali letu. Wako wasemao hivi: "Heshima ni ya mwenye kuchagua. Jiwe likianguka juu ya nyoka likamwua, hatulisifu jiwe. Mchukuzi alisukumwa, farasi aliendeshwa. Tuwahurumie, lakini tusiwaite mashujaa." Neno hili lina nguvu, wala halifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba sifa humfuata mtu kwa ajili ya nia yake. Lakini wasemao hivyo wamechanganya mambo mawili, sifa na deni. Sifa hupimwa kwa nia ya mtoaji. Deni hupimwa kwa kitu kilichotwaliwa. Hapa Tarime kila mtoto ajua jambo hili. Jirani akikupa ng'ombe kwa hiari, utamshukuru, na iko siku utamrudishia wema. Lakini ukiingia zizini mwake usiku ukatoa ng'ombe bila idhini yake, je, utasimama mbele ya wazee useme, "Sina deni, kwa kuwa yeye hakunipa"? Wazee watakucheka, kisha watakutoza zaidi ya ng'ombe mmoja. Kutokuwapo kwa hiari hakufuti deni, hulizidisha. Basi ikiwa wapanda farasi wa Australia walistahili kukumbukwa kwa kuwa walijitoa, mchukuzi wetu astahili kukumbukwa kwa kuwa alitolewa.

Wengine husema, "Vita ile haikuwa yetu. Deni ni la Mdachi na Mwingereza. Sisi yatuhusu nini?" Hapa napo tutenge. Deni la mshahara lilikuwa lao, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao hata leo. Hilo ni neno la aibu, na mwenye aibu hiyo ajulikana. Lakini liko deni la pili, nalo ni la jina. Mtu aliyekufa mbali na kwao, asiyezikwa na nduguze, jina lake lisipotajwa nyumbani amekufa mara mbili. Deni hilo mgeni hawezi kulilipa peke yake, maana hajui majina. Sanamu ya askari iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1927, na katika ile ya Nairobi mchukuzi amesimama pamoja na askari. Lakini shaba haitaji mtu. Mwaka 2021 tume ya Uingereza itunzayo makaburi ya vita ilitoa taarifa na kukiri ya kuwa watu 116,000 kwa uchache, wengi wao Waafrika na watu wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na labda hawakukumbukwa kabisa. Farasi wa Sydney walikumbukwa miaka 71 kabla ya neno hilo kukiriwa.

Sisi tulio Wakristo tunao mfano ulio wazi kuliko yote. Bwana wetu alipopelekwa kusulibiwa, askari wa Kirumi walimshika mtu mmoja aliyekuwa akitoka shamba, wakamlazimisha kuuchukua msalaba. Hakuchagua. Alikuwa mpita njia, mtu wa Kirene, mji wa Afrika ya Kaskazini. Kama heshima ingalikuwa ya mwenye hiari peke yake, Injili ingalisema tu kwamba askari walipata mchukuzi, na habari ingalikwisha. Lakini jina lake limeandikwa, Simoni. Na Marko ameongeza hata majina ya wanawe wawili, Iskanda na Rufo. Askari waliomlazimisha hawana majina. Mimi naona hiyo ndiyo hukumu ya Mbinguni juu ya swali letu.

Tena tusidhani ya kuwa mtu aliyelazimishwa hana nia kabisa. Mtu aweza kulazimishwa kutembea; hawezi kulazimishwa kumpa mwenziwe maji yake, wala kumngojea aliyelemewa. Ndani ya kufungwa mna nafasi ndogo ambayo hakuna jemadari awezaye kuiamuru, na katika nafasi hiyo mtu ni mtu. Kwa hiyo hata sifa, tuliyosema ni ya mwenye hiari, hatuna ruhusa ya kumnyima mchukuzi kwa sababu tu hatukumwona.

Je, na wanyama? Hapa tuseme kwa kiasi. Mtu na mnyama si sawa, na kosa kubwa la vita ile lilikuwa kuwasawazisha: punda alipokufa, akaitwa mtu achukue mahali pake. Mnyama hatumdai nia, wala hana haja na jina letu. Anayo haja ya rehema. Sheria ya Musa ilimwachia ng'ombe apuraye nafaka ale, na Sulemani alihesabu kumjali mnyama kuwa alama ya mtu mwenye haki. Mtu azoeaye kumpiga punda wake aliyelemewa hujifunza jambo moja, nalo ni kutosikia. Akisha kujifunza kutosikia kwa punda, haitakuwa vigumu kwake kutomsikia kijana mchunga ng'ombe aliyemwajiri, wala msichana amtekeaye maji. Maana hao nao ni wachukuzi wetu wa leo, na wengi wao hawakuchagua.

Basi wenzangu waalimu, na ninyi wazazi, kazi iko. Walioiona vita ile wamekwisha kufa wote, lakini wajukuu wao wako, katika Tarime na katika Serengeti, na wengine bado wayajua majina waliyoambiwa jioni penye moto. Kila shule ina daftari, na kila kanisa lina kitabu. Watoto na waulize nyumbani kwao: Katika ukoo wetu ni nani aliyechukuliwa asirudi? Jibu likipatikana, liandikwe: jina, na jina la baba yake, na kijiji, na upande uliomchukua, uwe wa Mdachi au wa Mwingereza, bila kupendelea. Ibrahimu alitoa wana-kondoo saba ili kisima chake kisisahauliwe. Sisi hatutakiwi kutoa hata kondoo mmoja. Yatakiwa wino, na masikio ya kusikia kabla wazee hawa nao hawajanyamaza.