Jirani Yako ni Nani?

Mwanasheria mmoja alimwuliza Nabii Isa a.s. jirani yake ni nani (Luka 10). Akasimuliwa habari za mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Kuhani alipita kando, na Mlawi vivyo hivyo. Msamaria, ambaye Wayahudi hawakuchangamana na watu wake, ndiye aliyemfunga majeraha na kumlipia gharama. Mwanasheria alipotakiwa kumtaja jirani, hakulitamka jina la Msamaria. Alisema tu kuwa ni yule mwenye huruma. Tazama jinsi chuki inavyoufunga ulimi! Kurani Tukufu nayo (60:8) haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Basi wewe uliyeipokea haki, yule aliyekutenga kwa sababu ya imani yako akiugua, je, utapita kando?