Mjukuu wangu, usiiongezee volti

Mjukuu wangu, najua kinachokusumbua. Umenunua kompyuta ya mtumba, umeifikisha hapa Mwanhuzi, gemu linakwama na video ya harusi inakesha kutoka. Ukaambiwa prosesa inaongezewa mwendo bure. Ukaingia kwenye BIOS, ukapandisha namba, ukafurahi. Sasa inaganda, inajizima na kujiwasha yenyewe, inaleta skrini ya bluu.

Nisikilize hapa, maana ndipo wenzako wengi huharibu. Mashine ikiyumba, wanaiongezea volti. Ikitulia, wanapandisha mwendo tena. Ikiyumba, volti tena. Ng'ombe wa jembe akichoka hachapwi, anafunguliwa nira.

Usiongeze volti, mwanangu. Chukua prosesa inayokwenda GHz 3.6 kwa volti 1.2, uipeleke 4.2 kwa volti 1.35. Mwendo haujapanda hata asilimia 17. Lakini joto hufuata mwendo, kisha hufuata volti iliyozidishwa kwa volti yenyewe. Piga hesabu: joto limepanda karibu nusu, na feni ni ile ile. Mwendo wa kukopa hulipwa kwa joto.

Nawe uko Meatu, ambako kiangazi vumbi linapita hata mlango uliofungwa. Fungua boksi uone. Kati ya vile vyuma vyembamba chini ya feni, vumbi na nyuzi za pamba vimeshikana hata hewa haipenyi. Pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka, inabanduka kwa ukucha. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguza mwendo zenyewe. Kwa hiyo umepandisha namba, na kazi inakwenda polepole kuliko mwanzo.

Ikizimika, angalau unajua. Kinachonitisha mimi ni prosesa inayokosea hesabu huku inawaka. Faili linahifadhiwa likiwa bovu. Windows inaharibika kidogo kidogo. Unalaumu diski, unalaumu virusi, unapiga Windows upya, na unaipiga juu ya prosesa ile ile inayokosea. Mashine inayozima imekuonya. Inayokosea kimya inakuibia. Na kama umefungua steshenari, kitakachoharibika ni fomu ya mkopo ya mtoto wa mtu, siku ya mwisho ya kuituma.

Usidhani prosesa haifi. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipata volti kupita kiasi, na watu walikuwa wakigandiwa katikati ya gemu. Ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini ilisema wazi: iliyokwisha kuumia hairudi. Hizo zilikuwa mpya. Yako ni mtumba, dhamana haina.

Basi nakuomba, rudi nyuma kwanza. Ingia BIOS, rudisha mipangilio ya kiwandani. Skrini ikiwa nyeusi, zima, chomoa waya ukutani, toa ile betri bapa ya CR2032 kwenye mazabodi, bonyeza swichi ya kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Subiri dakika chache, uirudishe.

Ikitulia, umeujua ugonjwa: ni mwendo uliouongeza. Ikiendelea kuganda, safisha vumbi, weka pesti mpya, pima RAM kwa programu ya Memtest86, halafu iangalie pawa saplai na umeme unaoingia nyumbani. Umeme ukipanda na kushuka, hata prosesa nzima huonekana mgonjwa. Nakuomba, gusa jambo moja, pima, ndipo uguse la pili. Anayetibu matatu kwa pamoja hajui lililomponya.

Na kabla ya yote, soma jina la prosesa yako. Za Intel zinazokubali kuongezwa mwendo kwa kawaida zina herufi K mwishoni. Kompyuta nyingi za ofisini zinazoletwa huku mtumba zimefungwa, na mazabodi zake hazikuundwa kwa kazi hiyo. Usizilazimishe.

Ukishikilia kwamba lazima uongeze, najua sitakukataza. Panda MHz 100 tu kwa mara moja, volti usiiguse, endesha programu ya majaribio ya Prime95 ukiwa umekaa hapo ukitazama nyuzi joto. Ikitoa kosa hata moja, shuka. Usibishane nayo.

Ila mimi nakwambia hiyo si kasi unayoitafuta. Kama mashine bado inatumia diski ya kuzunguka, fedha ya pamba ikiingia nunua SSD, na RAM ikibidi. Utaona tofauti tangu unapoiwasha, na prosesa haitapata jeraha. Leo, mjukuu wangu, irudishe kwenye mwendo wake kabla hujafungua kazi ya mtu.