Embe la Desemba

Krismasi inabisha hodi, na huenda mtoto wako hapo Wote au Mutomo ameshaanza kuchora kadi. Hebu chungulia: msonobari uliofunikwa theluji. Theluji, Ukambani!

Simlaumu. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole aliiagiza, John Callcott Horsley akaichora, kisha nakala zikapakwa rangi kwa mkono. Hata hao hawakuchora theluji. Walichora familia mezani, glasi za divai mkononi. Yaani walichora kwao.

Kwetu Ukambani, mvua ya vuli ikijaalia, Desemba ni kijani. Mibuyu ya Kibwezi ina majani, na maembe ya Makueni yameiva. Sijui kitu kinachopendana na rangi za maji kama embe. Lowesha umbo lake kwa maji matupu, paka manjano, na kabla hayajakauka gusa begani kwa tone la nyekundu. Halafu toa mkono! Nyekundu itajitembeza yenyewe. Acha kidoa cheupe cha karatasi pale jua linapopiga. Rangi ikikauka hupauka, basi usiogope kukoleza.

Karatasi iwe nzito. Nyembamba hujikunja ikilowa. Ndani andika Kikamba, kwa kalamu yako. Na kama kadi ni ya nyanya, isindikize na kitu kidogo cha M-Pesa. Hatalalamika.