Kikombe cha Mara Moja

Machi 2011, magari yalitoka Arusha usiku na mchana, yakapita Mto wa Mbu na kuendelea na vumbi lake hadi kijiji cha Samunge, Loliondo. Huko alikuwako mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, akigawa kikombe cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mugariga. Bei ilikuwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha mti huo ndotoni, na kwamba kikombe kimoja, kikinywewa mara moja tu, kinatosha kuponya magonjwa sugu. Kisukari kilikuwamo.

Wapo waliofia kwenye foleni.

Babu alifariki Julai 2021. Swali aliloliacha lingali hai, hasa Arusha, ambako kanisa lake mwenyewe linaendesha Hospitali ya Selian pale Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru: Mungu anapoponya, huponya mara moja na kumaliza, au huponya kila siku, kama anavyotoa riziki?

Kongosho lina jibu lake. Ndani ya seli zake za beta, insulini, inayoshusha sukari ya damu, huanza kama mnyororo mrefu wa protini, ukakunjwa, kisha ukafungashwa pamoja na zinki katika vifuko vidogo sana, na humo ukakatwa. Seli moja huwa na vifuko kama 10,000, na karibu vyote vinangoja. Mtu akila ugali, sukari ya damu hupanda, kalsiamu huingia ndani ya seli, na protini iitwayo sinaptotagmini huihisi. Hapo protini za kundi la SNARE husokotana, zikavuta kifuko mpaka utando wake uungane na utando wa seli, insulini ikatoka. Hutoka kidogo tu. Sukari ikishuka, utoaji nao hupungua, seli ikaendelea kupima. James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipata Nobeli mwaka 2013 kwa kufumbua jinsi vifuko vya seli vinavyosafirishwa na kufunguliwa.

Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili imeziua seli hizo. Hakuna tena wa kupima wala wa kufungua. Kwa aina ya pili seli zipo, ila zimeelemewa, na mgonjwa anaweza kujisikia vizuri kwa wiki kadhaa huku sukari ikipanda kimyakimya. Ndiyo maana ushuhuda wa aliyerudi kutoka Samunge akiwa na nguvu haukutosha kuthibitisha kwamba amepona. Anayemwambia mtu kama huyo aache dawa kwa jina la imani anamtenda vibaya, na anaidhulumu imani pia. Kuipokea sindano ya asubuhi kwa shukrani ni ibada kamili.

Bei ya kikombe iliwajali maskini, na hilo lastahili heshima. Wenye hati miliki ya insulini nao waliiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923, dola 1 kila mmoja. Lakini mwaka mmoja kabla, Januari 11, 1922, kijana mmoja, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo na haikumfaa. Ilikuwa na uchafu. Hakuna aliyetangaza ushindi. Mtafiti James Collip alirudi maabara akaisafisha. Januari 23 wakamdunga tena, sukari ikashuka, na Leonard akaishi miaka 13 zaidi, akidungwa sindano kila siku.