Hima ni ya nani, mzamiaji au mvuvi?

Baada ya swala ya Ijumaa hapa Kingolwira, kijana mmoja aliyerudi kutoka pwani aliniuliza: "Ustaadh, mtalii analipa dola, anazama na mtungi wa hewa mgongoni kuangalia samaki kwenye matumbawe. Mvuvi akitupa mshipi hapo hapo anakamatwa. Hiyo ni haki?"

Ndugu msomaji, swali hili si dogo. Wapo wanaojibu haraka kwamba bahari ni ya Mwenyezi Mungu, kwa hiyo asizuiwe mtu. Ni kweli ni Yake, na ndiyo maana sisi si wenye mali bali tumepewa amana. Matumbawe ni viumbe hai vinavyokua taratibu mno. Baruti moja huvunja kwa sekunde kilichojengwa kwa miaka mingi, na atakayelala njaa kesho ni mvuvi mwenzake. Basi kuzuia peke yake si dhulma. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliweka hima, ardhi iliyozuiwa kwa maslahi ya umma.

Lakini hima ina sharti. Sayyidna Umar (r.a.) alimwagiza msimamizi wa hima awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie matajiri kama Ibn Awf na Ibn Affan. Hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini hana pa kukimbilia. Tupime hifadhi zetu kwa mizani hiyo. Uzio unaomzuia maskini na kumfungulia tajiri umesimamishwa kinyume.

Upo mfano wa kisiwa cha Misali, Pemba, ambacho wazee hulihusisha jina lake na msala. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1998, wavuvi waliachiwa sehemu kubwa ya maji, ikafungwa sehemu ndogo upande wa magharibi ili samaki wazaliane. Baadaye mafunzo ya Uislamu yakatumika kuwaeleza wavuvi sababu yake. Mzamiaji naye ana wajibu: asiguse matumbawe, asiyavunje kwa mapezi yake, na ada anayolipa imfikie mvuvi aliyejinyima.

Nasi wa Kingolwira tusidhani hii ni habari ya pwani tu. Udongo unaomomonyoka Uluguru huteremka na mto Ngerengere, ukaingia Ruvu, ukaelekea baharini. Kabla ya kuuliza nani amefungiwa bahari, tujiulize sisi tunaipelekea nini.

Wallahu a'lam.